Ufito wa Wilkister

Kamila alinyoosha mkono. Alikuwa ameshaingia mtoni, maji yanampiga magotini, na amegeuka kumtazama baba mkwe wake aliyesimama ukingoni ndani ya suruali ya mpira iliyompanda mpaka kifuani.

"Shika, Baba. Haya mawe yanateleza kama sabuni."

Bethuel akautazama ule mkono kana kwamba ameonyeshwa kitu cha aibu.

"Tangulia, Mama Isra. Mimi nakuja."

Kwao Bunyore, Kenya, baba mkwe hashikani mkono na mke wa mwanawe. Haketi naye kiti kimoja, na wakikutana mlangoni mmoja husimama kando mpaka mwenzake apite. Katika miaka yake Stockholm Bethuel alikuwa ameacha mengi, lakini hilo hakuliacha. Siku ya arusi ya mwanawe Aron na Kamila, watu wote wakikumbatiana, yeye alimpungia bibi arusi mkono kutoka ng'ambo ya meza, na Wilkister, mkewe, akacheka mpaka akafuta machozi.

Sasa Wilkister hayupo. Majira ya baridi yaliyopita alikwenda kituo cha afya cha mtaani amejishika kifua. Wakamwambia ni uchovu, arudi nyumbani apumzike, na hali isipobadilika apige simu Jumatatu. Jumatatu haikumkuta. Tangu siku hiyo Bethuel hakuwa na neno jema kwa mtu yeyote mwenye kadi shingoni. Ndivyo alivyowaita wote wenye madaraka: watu wa kadi shingoni. Wa kituo cha afya, wa nyumba za kupanga zenye lifti mbovu pale Tensta, wa karakana ya mabasi anakofagia, wote kitu kimoja. Na mkwe wake huyu, muuguzi wa hospitali ya Flemingsberg, alikuwa na kadi yake pia, inaning'inia kwenye kioo cha gari. Njia nzima Bethuel aliiangalia ikicheza.

Alikuwa ameomba jambo moja tu. Wilkister alipenda kuvua samaki kwa nzi wa bandia. Alifundishwa na ajuza mmoja wa Kiswidi ambaye yeye alikuwa mhudumu wake wa nyumbani, kisha Wilkister akaja kumfundisha Kamila. Jumamosi wakiwa hawana zamu, mama mkwe na mkwe walishuka kwenye mto huu, wakasimama majini mpaka jioni. Bethuel hakuwahi kuja nao. Alisema mwanamke mzima kusimama kwenye maji baridi akirusha manyoya ni mambo ya watu walioshiba. Sasa alitaka kusimama pale mkewe aliposimama. Mara moja tu, na ufito wake wa kuvulia mkononi. Aron alikuwa kazini, kwa hiyo ikabaki Kamila.

Njiani kutoka garini walipita kibao cha manjano, chenye picha ya wimbi na mtu anayekimbia, na maandishi mengi chini. Juu ya kibao kulikuwa na taa. Kamila akasimama.

"Baba, hapa kuna jambo. Huko juu kuna bwawa, sasa, wakitaka kufungua..."

"Mama Isra," Bethuel akamkata, "nimeishi nchi hii kabla hujaota meno. Sihitaji kusomewa vibao."

Kusema kweli, Kiswidi cha kuongea alikuwa nacho, cha kutosha kuelewana na msimamizi wake. Cha kusoma ndicho kilichomshinda. Hata shule ya kwao aliishia darasa la nne. Wilkister ndiye aliyekuwa macho yake katika mambo ya karatasi. Kumwambia hivyo msichana huyu, asingeweza.

Kamila akakiacha kibao, akashuka mtoni.

Basi wakavuka. Kamila mbele na mkongojo wake wa chuma, Bethuel nyuma na mpini wa ufagio aliouchukua karakana. Maji yalikuwa ya magotini, yenye rangi ya chai ya rangi, na chini yake mawe ya duara yaliyovaa ute wa kijani. Kila hatua mguu ulitafuta pa kukaa kabla ya kukubali. Katikati ya mto palikuwa na jiwe pana, bapa, limejitokeza juu ya maji kiasi cha kiganja.

"Hii hapa Meza," Kamila akasema. "Mama alikuwa anaweka chupa ya chai pale, na mkate wake. Halafu anasimama hapa."

Bethuel akapanda. Akausimamisha mpini wa ufagio ukingoni mwa jiwe, akasimama pale alipoonyeshwa. Hakusikia alichotarajia kusikia. Kulikuwa na maji, miti, na gari moja likipita mbali barabarani.

Kamila akafungua kijisanduku. Ndani yake walipangwa nzi wa Wilkister, ndoano zilizovishwa nyuzi na manyoya. Akachagua mmoja mwenye mkia mwekundu uliokolea, rangi ya zambarau iliyoiva.

"Huyu alimtengeneza kwa nywele zake. Zile rasta alizosuka Rinkeby siku ya ubatizo wa mtoto wa Obedi. Alipozifumua hakutupa hata moja. Alisema samaki wa Sweden nao wanapenda kuona mtu aliyependeza."

Bethuel akazikumbuka zile rasta. Alimwambia mkewe zimemkaa kama mazulia.

"Funga hiyo," akasema.

Kamila akamfunga nzi kwenye uzi, akamwelekeza. "Usirushe kwa nguvu, Baba. Peleka nyuma, subiri uzi unyooke, ndiyo ulete mbele. Subiri. Hapo hujasubiri."

"Nasubiri!"

"Hujasubiri hata kidogo. Umerusha kama mtu anayefukuza kuku."

Akarusha tena, uzi ukamzunguka kofia. Akarusha tena, nzi akanasa kwenye mkoba wa Kamila. Kamila akamnasua bila kucheka, akashuka upande wa chini wa Meza kurusha nzi wake, akampa mgongo. Alitazama mto unakokwenda. Bethuel alitazama unakotoka.

Ndiyo maana yeye ndiye aliyeiona taa.

Ilikuwa imeanza kupepesa, kule ukingoni juu ya kibao. Manjano, kimya, manjano, kimya. Bethuel akaitazama. Jua liko juu, watu wa kadi shingoni wamewasha taa porini, ilhali ngazi za jengo lake Tensta ziko gizani tangu Pasaka na kila akipiga simu anaambiwa yuko kwenye foleni. Akasonya. Kidole kimoja cha wasiwasi kikamgusa, kwamba msichana alitaka kusema kitu pale, jambo la bwawa. Angeweza kumwita. Lakini kumwita ni kumuuliza, na kumuuliza ni kurudi pale pale kwenye kusomewa.

Akarusha. Safari hii alisubiri. Uzi ukanyooka nyuma, ukaja mbele kama ulimi mrefu, na ule mkia wa rangi ya zambarau ukaanguka polepole kwenye maji yaliyotulia nyuma ya jiwe dogo.

Uzi ukavutwa.

"He!" akapiga kelele. "Mama Isra! Kuna mtu huku!"

"Inua ufito! Usivute, inua tu!"

Ufito ukapinda mpaka mkononi. Samaki akaenda kushoto, akaenda kulia, akapiga kichwa chini, na Bethuel, ambaye hakucheka tangu mazishi, alijikuta anacheka kwa sauti, anamtukana samaki kwa Kinyore. Kamila alikuwa amerudi kando yake na wavu. Wakamwona: mnene, yule Waswidi wanamwita abborre, mistari myeusi ubavuni, mapezi mekundu kama pilipili.

"Mkubwa, Baba! Huyu Mama angempiga picha!"

Kamila akainama na wavu, na akiwa ameinama, akasita. Maji yalikuwa yanapita juu ya Meza. Yalikuwa yanapita juu ya viatu vyake.

Akainua kichwa. "Fimbo yako iko wapi?"

Bethuel akageuka. Mpini wa ufagio haukuwapo. Wakauona mbali chini ya mto, unazama kichwa na kuibuka kama mtu anayeita.

"Mwache samaki," Kamila akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya kazini. "Kata. Tunatoka sasa hivi."

"Lakini..."

"Nu, Baba! Sasa!"

Bethuel akauma uzi kwa meno, samaki akaenda zake na nzi wa Wilkister mdomoni. Akamfuata kwa macho. Alipoyarudisha, ile njia waliyokuja nayo hakuiona. Mawe yote yaliyokuwa nje ya maji yalikuwa yamezama. Kati yao na ukingo maji yalikuwa yamekusanya misuli, yanakimbia kwa mkunjo mmoja mrefu, yamebeba majani na povu na kipande cha ubao. Na sauti ilikuwa imekua bila wao kusikia, mpaka sasa ilibidi kupaza.

"Wamefungua bwawa," Kamila akasema. "Sikiliza vizuri. Mtu mmoja peke yake hapiti pale. Wawili wanapita. Tunatazamana, unanishika mabega, nakushika mabega. Wewe mzito, unakaa upande wa juu unakata maji. Mmoja anasogea, mwingine amesimama. Mimi na Mama tulivuka hivyo mara nyingi."

Bethuel akatazama mabega yake. Akatazama maji. Akamwona, kwa akili ya kijinga inayomjia mtu wakati mbaya, mamaye mzazi amekaa jikoni Bunyore akimtazama.

"Wewe na mama mkwe wako, sawa," akasema. "Mimi siwezi kukukumbatia."

"Sio kukumbatiana!"

"Ni mwiko, Mama Isra. Nenda na mkongojo wako. Ukifika unaita watu."

"Nikifika wewe utakuwa hapa?" Maji yalikuwa kwenye mashavu ya miguu yao, na walikuwa wamesimama juu ya jiwe. "Baba, mimi nina mtoto wa miaka mitatu nyumbani. Sitakwenda kumwambia Aron nimekuacha juu ya jiwe. Shika mabega yangu."

"Shika huu," Bethuel akasema, akamwelekezea ncha ya ufito. "Wewe kule, mimi huku. Unatangulia na mkongojo, mimi nakushikilia kwa nyuma. Hapo tumeshikana na hatujashikana."

Kamila akautazama ufito. Akafungua mdomo kusema kitu, na wakati huo gogo likagonga Meza, likawatikisa wote wawili. Hakukuwa na muda wa baraza. Akaushika ufito katikati, akajizungushia mara moja kwenye kifundo cha mkono uzi uliolegea, akaingia majini.

Yakamfika kiunoni papo hapo. Akauchimba mkongojo, akasogea. Akauchimba tena, akasogea. Bethuel akamfuata, na baridi ikamkamata mapaja kupitia mpira kama mkono wa mtu. Alikuwa ameushika ufito kwa mikono yote miwili pale kwenye mpini wa gome laini la vizibo, ulioingia weusi wa vidole vya mkewe. Hatua. Hatua. Walikuwa wamefika nusu.

Jiwe likageuka chini ya mguu wa Kamila.

Akaanguka ubavu, na uzito wake wote ukaja kwenye ufito. Ufito wa nzi hautengenezwi kwa kuvuta. Ni vipande vinne vilivyochomekwa kimoja ndani ya kingine, ili mtu aweze kuvichomoa akimaliza na kuviweka mfukoni. Vikachomoka. Kikasikika kishindo kidogo tu, kama kifuniko cha soda, na Bethuel akabaki na kipande cha chini mkononi. Roda ya kukunjia uzi ikaanza kulia, uzi unatoka, unatoka, na mwisho wa uzi huo Kamila anakwenda na maji.

"Kamila!"

Hakuwahi kulitamka jina hilo.

Alimwona akipiga maji, kofia imekwenda, uso unaingia na kutoka. Chini kidogo kulikuwa na mti ulioangukia mtoni, matawi yake yamechana maji kama kitana, na mto ukampeleka pale pale na kumbandika. Kichwa kilikuwa juu. Halafu wimbi likapita na hakikuwa juu. Halafu kikawa juu.

Bethuel akaachia kile kipande. Ufito wa Wilkister ukaenda. Akajitupa.

Maji yakamchukua kama takataka. Yalimgeuza, yakamgonga goti, yakamjaza mdomo. Mti ukaja haraka kuliko alivyofikiri na kumpiga kifuani, akalikumbatia tawi, akavuta pumzi, akanyoosha mkono na kukamata kilichokuwa karibu. Zilikuwa nywele. Akazishika. Akamvuta kwa nywele mpaka uso ukatoka nje ya maji, akapitisha mkono chini ya kwapa, akamkumbatia kifuani kwa nguvu zote za mtu aliyesukuma mitambo ya kufagia maisha yake yote.

"Pumua! Pumua, msichana!"

Kamila akakohoa, akatapika maji shingoni mwake.

"Mguu," akasema. "Mguu umenasa."

Bethuel akashusha mkono pajani mwake, gotini, kwenye kifundo, akipapasa gizani mwa maji. Tawi. Akalisukuma kwa kiatu, likakataa. Akalisukuma tena huku akilitaja jina la Mungu na jina la meneja wa karakana kwa hasira ile ile. Likavunjika.

Kutoka pale mpaka ukingoni palikuwa karibu, lakini maji yalipita kifuani.

"Mabega," Kamila akasema, meno yanagongana. "Baba. Mabega."

Bethuel akamshika mabega. Wakatazamana, vipaji vya nyuso karibu vigusane. Alijigeuza akaupa mto mgongo, na mto ukamkalia mgongoni kama gunia la mahindi.

"Wewe," Kamila akasema. Bethuel akasogeza mguu, akaukanyagia. "Mimi." Kamila akasogea kwa mguu mzima, akiuburuta mwingine. "Wewe. Usiinue, buruta. Mimi. Wewe."

Mara moja mawe yalimkimbia Bethuel chini ya soli na akajua wanakwenda. Vidole vya Kamila vikamchimba mabegani. Wakasimama. Hakuna aliyesogea mpaka mto ulipochoka kuwajaribu.

"Mimi," Kamila akasema. "Wewe."

Magoti. Mashavu ya miguu. Nyasi.

Walilala kifudifudi ukingoni kama vitu vilivyotupwa. Halafu Kamila akakaa, akavua suruali ya mpira, maji yakamwagika kama ndoo. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeanza kuvimba. Alikuwa anatetemeka, na Bethuel akadhani ni baridi, mpaka alipomsikia.

"Haikuwaka!" Alikuwa analia kwa hasira. "Ile taa yao haikuwaka! Wanasema itawaka kabla ya maji kuja, kila mtu atoke mtoni. Ndiyo kazi yake! Wangetuua, fattar du, unaelewa? Wangetuua, halafu wangeandika samahani. Wewe ulikuwa unawasema na mimi nakwambia Baba unazidisha. Huzidishi! Nitawapeleka mpaka kwenye magazeti. Na kituo kile cha Mama nacho, na chenyewe!"

Bethuel alikuwa amengoja maneno hayo tangu mazishi. Alikuwa ameyangoja kutoka kwa Aron, kutoka kwa mchungaji, kutoka kwa mtu yeyote. Na sasa yalikuja kutoka kinywani mwa mtu mwenye kadi, yamelowa machozi, yote yake, bure. Hakuna aliyeona. Angenyamaza tu.

Akautazama ule mguu uliovimba.

"Iliwaka," akasema.

Kamila akageuza uso.

"Iliwaka nikiwa Mezani. Wewe ulikuwa umenipa mgongo." Akakohoa. "Niliiona. Nikarusha ndoano."

Mto ukaendelea kupiga kelele. Kamila alimtazama kwa muda mrefu, na Bethuel akautazama mto, maana uso wake asingeuweza.

"Uliiona," Kamila akasema.

"Niliiona."

Kamila alifuta pua kwa mkono uliolowa, akainuka kwa mguu mmoja, akaanza kuruka kuelekea kwenye njia. Akaruka mara mbili, mara tatu, akashika mti. Bethuel akaja kando yake na kusimama, mikono chini, asijue aiweke wapi. Kamila hakumwangalia. Akauweka tu mkono wake begani mwa baba mkwe wake, kwa nguvu, kama mtu anayeshika kitasa cha mlango wa jirani aliyemuudhi, na kuuegemea. Bethuel akafupisha hatua.

Walikwenda hivyo mpaka kwenye kibao. Taa ilikuwa bado inapepesa juu yake. Bethuel akasimama, ikambidi na Kamila asimame.

"Nisomee," akasema.

"Nini?"

"Hicho. Nisomee. Mama Aron ndiye alikuwa ananisomea."

Kamila akavuta pumzi. Kisha akamsomea, mstari mmoja mmoja, akiugeuza kuwa Kiswahili na kutafuta maneno pale alipokosa: maji yanaweza kupanda ghafla, taa ikiwaka toka mtoni mara moja, usingoje. Sauti yake ilikuwa kavu na hakuruka hata neno moja.

Bethuel akasikiliza mpaka mwisho.

"Wangeweka na king'ora," akasema. "Mtu akiwa ameipa mgongo, taa atai­onaje?"

"Wangeweka," Kamila akasema.

Akauhamisha uzito wake, akamshika bega upya, wakaendelea kupanda kuelekea garini.